Amani ya Mindanao: ugomvi wa nani apige kura na nani

Jumatatu ya tarehe 4 Agosti 2008 kila kitu kilikuwa tayari mjini Kuala Lumpur. Wajumbe wa serikali ya Ufilipino na wa MILF, kundi la wapiganaji wa Kiislamu wa Mindanao, kisiwa kikubwa cha kusini mwa nchi, walikuwa wamekwisha kubaliana juu ya mkataba, mabalozi wa nchi za nje walikuwa wamewasili kushuhudia, na saini zilikuwa ziwekwe kesho yake. Siku hiyohiyo Mahakama ya Juu mjini Manila ikatoa zuio la muda, na shughuli ikafa. Tarehe 14 Oktoba, majaji 8 dhidi ya 7 wakaamua kwamba mkataba ule ulikuwa kinyume cha Katiba. Kati ya zuio na hukumu, makamanda wa MILF waliopandwa na hasira walivamia miji na vijiji vya Lanao del Norte na North Cotabato, jeshi likajibu, na watu zaidi ya laki sita wakakimbia makwao.

Kwa mtu aliye mbali, habari hii haiingii akilini. Serikali inataka amani, waasi wanataka amani, sasa nani amebaki wa kukataa? Walibaki wengi: magavana na mameya wa mikoa ya jirani, wakulima Wakristo waliozaliwa Mindanao, makabila ya asili ambayo si Waislamu, kundi jingine la waasi lililokuwa na mkataba wake, maseneta wa Manila, na mwishowe majaji.

Mjadala wa Mindanao husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa dini, Waislamu wa kusini dhidi ya nchi ya Wakatoliki, au kama hofu ya nchi kumeguka. Yote mawili yamo, siwezi kuyakana. Lakini ukiifuata mikataba yote tangu 1976, kuna swali moja linalojirudia, nalo ndilo lililoamua matokeo kuliko hotuba zote zilizopigwa: kura zihesabiwe kwa eneo gani? Kwa mkoa mmoja mmoja, kwa mji, kwa mtaa, au kwa kanda nzima kwa pamoja? Swali linaonekana la makarani wa uchaguzi, na pengine ndiyo sababu magazeti hayakulipa nafasi. Humo ndimo ramani ilimochorwa.

Wenyeji waliogeuka wachache

Kabla ya Wahispania, visiwa vya Sulu na sehemu kubwa ya Mindanao vilikuwa chini ya masultani. Hispania ilikaa Ufilipino zaidi ya miaka 300 bila kuwatawala sawasawa watu hao, ambao iliwaita Moro. Mwaka 1898, kwa Mkataba wa Paris, iliikabidhi nchi nzima kwa Marekani kwa dola milioni 20, na kusini kukiwemo, ingawa kusini hakukuwa mikononi mwake kiasi hicho cha kuweza kukikabidhi. Wamoro wanaikumbusha hoja hii hadi leo, na mwanasheria wa Manila huijibu kwa kifupi: iwe iwavyo, tangu uhuru wa 1946 sote ni jamhuri moja.

Kilichobadilisha mambo hasa ni wahamiaji. Chini ya Wamarekani, na zaidi baada ya uhuru, serikali iliwahimiza wakulima maskini wa visiwa vya Luzon na Visayas, kaskazini na katikati ya nchi, kwenda kuanza maisha Mindanao, iliyoitwa nchi ya ahadi. Mhamiaji alikuja na fomu, akaandikisha shamba, akapata hati. Familia ya Kimoro iliyolima bonde lilelile vizazi kadhaa haikuwa na karatasi yoyote, kwa sababu kwao ardhi ilijulikana kwa ukoo na kwa datu, mkuu wa mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waislamu walikuwa wengi Mindanao. Kufikia miaka ya 1970 walikuwa takriban mtu mmoja kati ya watano.

Hapa pana jambo ambalo wageni hulipita haraka. Mjukuu wa yule mhamiaji hakupora kitu. Amezaliwa North Cotabato, mababu zake wamezikwa North Cotabato, na hati aliyonayo ilitolewa na serikali halali. Ukimwambia kwamba shamba lake limo ndani ya ardhi ya mababu wa watu wengine, atakwambia naye ana mababu. Kila mkataba wa amani ulilazimika kupita katikati ya watu wawili hawa, na kila mmoja wao ana haki inayoeleweka.

Vita vyenyewe vilianza baada ya mauaji ya Machi 1968 katika kisiwa cha Corregidor, ambako vijana wa Kiislamu waliokuwa wakifunzwa kijeshi kwa siri ili kupenyezwa Sabah, eneo la Malaysia linalodaiwa na Ufilipino, waliuawa na waliowafunza. Nur Misuari, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ufilipino, akaanzisha kundi la waasi la MNLF. Rais Ferdinand Marcos alipotangaza utawala wa kijeshi Septemba 1972 na kutaka silaha zote zisalimishwe, mapigano yakasambaa. Waliokufa katika miongo iliyofuata wanakadiriwa kupita laki moja.

Aya ya mwisho ya Tripoli

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Tripoli tarehe 23 Desemba 1976, kwa usuluhishi wa Libya ya Gaddafi na nchi za Kiislamu. Ulitaja mikoa 13 itakayokuwa na utawala wake wa ndani. Kwa Misuari ulikuwa ushindi mkubwa, maana katika mingi ya mikoa hiyo Waislamu walikuwa wachache.

Lakini mwishoni mwa mkataba kulikuwa na aya fupi iliyosema serikali ya Ufilipino itachukua hatua zote za kikatiba zinazohitajika kuutekeleza. Marcos aliishika aya hiyo. Hatua za kikatiba, alisema, maana yake ni kuwauliza wananchi. Aprili 1977 akaitisha kura ya maoni, na badala ya eneo moja yakatoka maeneo mawili yasiyo na nguvu, yote chini ya kidole chake. MNLF ikasema imelaghaiwa na ikarudi msituni. Katika msukosuko huo Hashim Salamat alijitenga na Misuari, na kundi lake ndilo lililokuja kuitwa MILF.

Nimetua hapa makusudi, kwa sababu mgogoro wote uliofuata umo ndani ya aya ile. Waasi wakisaini mkataba huamini wamepata eneo. Serikali ikisaini huamini imeahidi kuwauliza wananchi kama wanalitaka eneo hilo. Na kura ikiulizwa katika mikoa ambayo Wamoro wamekwisha kuwa wachache, jibu linajulikana kabla masanduku hayajafunguliwa.

Baada ya Marcos kuangushwa, Katiba ya 1987 ilitambua rasmi kwamba Mindanao ya Waislamu iwe na utawala wake wa ndani, ndani ya mipaka ya Katiba na mamlaka ya taifa. Ikaweka pia sharti lililo wazi: ni mikoa, miji na maeneo yatakayopiga kura ya kukubali pekee ndiyo yatakayoingizwa. Sentensi hiyo ikumbukwe, maana itarudi. Novemba 1989 mikoa 13 iliulizwa, ikakubali minne: Lanao del Sur, Maguindanao, Sulu na Tawi-Tawi. Ndivyo lilivyozaliwa eneo lililoitwa ARMM. Misuari alisaini mkataba wake wa mwisho Septemba 1996 na kuwa gavana wa ARMM. Kura ya Agosti 2001 ikaongeza Basilan, isipokuwa mji wake wa Isabela, pamoja na mji wa Marawi. Hakuna kingine kilichoongezeka.

ARMM yenyewe iliishia kuwa ofisi nyingi zenye mishahara na fedha chache za maendeleo, huku bajeti ikiombwa Manila kila mwaka kama wizara nyingine yoyote. Rais Benigno Aquino III alikuja kuiita jaribio lililoshindikana.

Kwa nini 2008 ulikwama

Sasa tunaweza kurudi kwenye zuio la Agosti 2008 na kuielewa hukumu. Mkataba wa ardhi ya mababu, ambao serikali ya Rais Gloria Arroyo ilikuwa tayari kuusaini na MILF, uliongeza juu ya ARMM mitaa zaidi ya 700 katika mikoa ya jirani. Mtaa hapa ni barangay, ngazi ya chini kabisa ya utawala. Mitaa hiyo ingepiga kura ndani ya mwaka mmoja. Mapato ya maliasili yangegawanywa asilimia 75 kwa eneo jipya na 25 kwa taifa. Uhusiano wa eneo hilo na Manila ungeitwa wa ushirika, msamiati ambao katika sheria za kimataifa hutumika kwa nchi ndogo zinazoelekea uhuru wao.

Viongozi wa North Cotabato walikwenda mahakamani wakisema jambo rahisi: tunasikia mitaa yetu imo kwenye mkataba, na hatujaonyeshwa mkataba. Katika miji ya Zamboanga na Iligan watu waliandamana. Mahakama iliwakubalia kwa sababu mbili. Kwanza, wananchi walikuwa na haki ya kujua na kushauriwa kabla, na hilo halikufanyika. Pili, wajumbe wa Rais waliahidi waasi kwamba sheria, na hata Katiba, zitarekebishwa ili zilingane na mkataba, ahadi ambayo Rais hana uwezo wa kuitoa kwa kuwa kubadili Katiba ni kazi ya Bunge na wananchi.

Kisheria naiona hukumu ile kuwa na mashiko, hata kama ilipita kwa kura moja. Kisiasa iliacha somo chungu upande wa pili: kamanda aliyewaambia vijana wake wasubiri, mazungumzo yatazaa, alionekana mpumbavu. Umbra Kato, mmoja wa walioshambulia Agosti ile, alijitenga na MILF na kuunda kundi lake, ambalo tutakutana nalo kwenye shamba la mahindi.

Kilichomo kwenye mkataba wa 2014

Aquino alianza upya kwa kukutana ana kwa ana na Murad Ebrahim, mwenyekiti wa MILF, karibu na Tokyo Agosti 2011. Mkataba wa mfumo ukasainiwa Oktoba 2012, na mkataba kamili tarehe 27 Machi 2014 katika Ikulu ya Malacañang, Malaysia ikiwa msuluhishi. Upande wa serikali aliyesaini ni mwanamke, Miriam Coronel-Ferrer, na upande wa MILF ni Mohagher Iqbal.

MILF iliacha dai la nchi huru. Badala yake ingepata eneo la Bangsamoro, yaani taifa la Wamoro, lenye bunge lake na waziri mkuu wake wa kanda, katika nchi ambayo kwingineko kote ni ya mfumo wa urais. Ulinzi, mambo ya nje, sarafu na uraia vingebaki Manila. Msomaji wa Tanzania akiipitia orodha hiyo atadhani anasoma mambo ya Muungano. Fedha zingeingia kama fungu la moja kwa moja kila mwaka, lisilohitaji kuombwa. Nao wapiganaji wangeweka silaha chini hatua kwa hatua, kila hatua ikifungamanishwa na utekelezaji wa serikali. Safari hii serikali ilijifunza: haikuahidi kubadili Katiba, iliahidi kupeleka muswada Bungeni na kuutetea.

Hofu iliyopigiwa kelele zaidi ilikuwa sharia, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na msingi mdogo kuliko zote. Ufilipino ilikuwa na mahakama za sharia za ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu tangu amri ya Marcos ya 1977. Muswada ulizipanua, na uliwahusu Waislamu pekee. Wakenya wanaokumbuka kampeni ya Katiba ya 2010, jinsi mahakama za kadhi zilizokuwepo tangu zamani zilivyogeuzwa kitisho kipya majukwaani, hawahitaji maelezo zaidi.

Hofu zenye uzito zilikuwa nyingine. Je, eneo likiwa na mkaguzi wake wa hesabu, mkaguzi mkuu wa taifa bado atakuwa na kauli? Polisi wa eneo watamtii nani, waziri mkuu wa kanda au mkuu wa polisi Manila? Na kile kifungu cha kuruhusu maeneo ya jirani kuomba kujiunga baadaye, asilimia 10 ya wapigakura wakitaka, si kitawaweka majirani roho juu kila baada ya miaka michache? Kifungu hicho ndicho kilichowaunganisha wapinzani wa Zamboanga na wa North Cotabato. Mtu anaweza kuvumilia mpaka asioupenda kuliko mpaka usiotulia.

Walikuwepo pia Wateduray na Walambangian, makabila ya asili ya milima ya Maguindanao ambayo si Waislamu. Sheria ya taifa ya 1997 iliwatambulia haki ya ardhi ya mababu zao. Sasa ardhi hiyohiyo ilikuwa inaingia ndani ya ardhi ya mababu wa Wamoro. Wachache ndani ya wachache, na sauti yao ilisikika kidogo kuliko zote.

Shamba la mahindi

Muswada uliingia Bungeni Septemba 2014 na hesabu za kura zilikuwa zinaridhisha. Kisha ikaja tarehe 25 Januari 2015.

Usiku huo polisi wa kikosi maalumu karibu 400 waliingia Mamasapano, Maguindanao, kumsaka Zulkifli bin Hir, mtengeneza mabomu raia wa Malaysia aliyejulikana kama Marwan. Walimpata, wakamuua, wakakata kidole chake kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Kazi ikawa kutoka. Kulikuwa na utaratibu wa kusitisha mapigano uliotaka MILF ijulishwe kabla ya operesheni katika maeneo yake, na haikujulishwa, kwa hofu ya siri kuvuja. Kulipokucha, kundi moja la polisi lilikuwa limelala kifudifudi katika shamba la mahindi karibu na kijito na daraja la miguu huko Tukanalipao, limezingirwa na wapiganaji wa MILF, wa kundi la Kato na watu wengine wenye silaha. Mahindi hayazuii risasi. Mchana ulipofika, polisi 44 walikuwa wamekufa, 35 kati yao katika shamba lile. MILF ilipoteza watu 18, na raia kadhaa waliuawa pia.

Miili ilipofikishwa Manila, Rais hakuwepo uwanjani kuipokea. Siku hiyo alikwenda kwenye uzinduzi wa kiwanda cha magari. Sidhani kuna kifungu chochote cha muswada kilichouharibu kama picha za mapokezi yale bila yeye. Kuanzia hapo swali la wananchi halikuwa tena fungu la fedha wala mkaguzi. Likawa: tunawezaje kuwapa eneo watu waliowaua askari wetu? Maseneta waliokuwa wadhamini wa muswada wakajitoa.

Wiki chache baadaye ikafuata kadhia ya jina. Katika vikao vya Bunge Iqbal alikiri kwamba Mohagher Iqbal si jina lake la kuzaliwa, ni jina la msituni. Basi mkataba umesainiwa na nani? Wabunge waliuliza kwa sauti ya kuudhika, na magazeti yakashangilia. Jibu la upande wake lilikuwa kwamba mwanamapinduzi yeyote hutumia jina la namna hiyo na serikali ilikuwa imejua kwa miaka. Kisheria hoja haikuwa na uzito, kwani aliyefungwa na saini ni kundi lake. Ila kwa mtu wa kawaida anayetazama taarifa ya habari, mtu asiyesaini kwa jina lake anaficha kitu.

Aquino aliwaita watu mashuhuri, akiwemo Kadinali Luis Antonio Tagle na jaji mkuu mstaafu Hilario Davide, kuupitia muswada. Waliunga mkono kwa mapendekezo ya marekebisho. Katika Seneti, kamati ya serikali za mitaa iliongozwa na Ferdinand Marcos Mdogo, mtoto wa yule wa Tripoli, naye akautunga upya kwa kiasi ambacho MILF ilisema si mkataba wao tena. Bunge lilimaliza muda mwaka 2016 bila kupitisha chochote.

Sheria, kura, na Sulu iliyosema hapana

Rais Rodrigo Duterte, mtu wa Mindanao, alilirudisha suala mezani. Kati ya Mei na Oktoba 2017 vijana waliojinasibisha na Dola la Kiislamu waliuteka Marawi. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa na katikati ya mji pakawa vifusi. Tukio lile lilibadilisha upepo. Hoja kwamba MILF inalipwa kwa sababu ya bunduki ilikutana na hoja nzito kuliko yenyewe: wakivunjika moyo hawa, wanaowafuata ni wale. Sheria ya Bangsamoro ilisainiwa Julai 2018. Bunge la viti 80, fungu la asilimia 5 ya mapato ya ndani ya taifa, mahakama za sharia, peso bilioni 5 za ziada kila mwaka kwa miaka 10. Polisi walibaki wa taifa, na ule mlango wa kujiunga kila baada ya muda ukafungwa.

Ikaja kura ya maoni ya Januari na Februari 2019, na ndipo swali la kuhesabia likajitokeza hadharani, likiwa na kanuni tofauti katika zoezi moja.

Miji sita ya Lanao del Norte (Baloi, Munai, Nunungan, Pantar, Tagoloan na Tangcal) yenye Waislamu wengi ilitaka kujiunga. Kwao sheria ilisema: mji ukubali, na mkoa mzima nao ukubali kuuachia. Miji ikasema ndiyo. Mkoa, ambao viongozi wake walipiga kampeni ya kukataa, ukasema hapana. Miji ikabaki ilipokuwa, kama ilivyokuwa baada ya 2001.

Mitaa 67 ya North Cotabato iliwekewa kanuni ndogo zaidi: mtaa ukubali, na mji uliomo nao ukubali. Mitaa 63 ikapita. Leo imetawanyika Pikit, Kabacan, Midsayap, Pigcawayan, Carmen na Aleosan, imezungukwa na mkoa ambao si wake tena, na Aprili 2024 wakazi wake walipiga kura kuigeuza kuwa miji 8 mipya. Mwaka 2008 viongozi wa mkoa huo walikwenda mahakamani kuzuia jambo la namna hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii majirani waliulizwa.

Kanuni ya tatu ilikuwa ya ARMM ya zamani. Mikoa yake yote mitano ilipiga kura kama eneo moja. Kura za ndiyo zilikuwa 1,540,017, za hapana 198,750, na eneo zima likaingia. Ndani ya jumla hiyo, mkoa wa Sulu peke yake ulikuwa umepiga kura 163,526 za hapana na 137,630 za ndiyo. Ukaingizwa hivyohivyo.

Na Sulu si ya Wakristo. Ni nchi ya Watausug, makao ya masultani, nyumbani kwa Misuari na ngome ya MNLF. MILF nguvu yake iko bara, kwa Wamaguindanao na Wamaranao. Kwa Watausug wengi, Bangsamoro ilionekana kama serikali ya jirani zao iliyotengenezwa kwenye mkataba wa jirani zao. Waliotunga sheria waliwachukulia Wamoro wote kuwa kura moja, na hilo ni kosa lilelile ambalo Wamoro wamelilalamikia Manila miaka yote.

Mkoa wa Sulu ulikuwa umefungua kesi tangu 2018, kabla hata ya kura. Hukumu ilikuja tarehe 9 Septemba 2024. Mahakama ya Juu ilisema sheria ya Bangsamoro ni halali, isipokuwa pale ilipoihesabu ARMM kama eneo moja, kwa sababu Katiba inasema mikoa itakayopiga kura ya kukubali pekee ndiyo iingizwe. Ni ile sentensi ya 1987. Baada ya miaka mitano ndani ya Bangsamoro, Sulu ilitolewa, ikiwa na walimu na watumishi wa afya waliokuwa wakilipwa na serikali ya kanda, na mwaka 2025 ikawekwa chini ya eneo la Zamboanga Peninsula.

Nionavyo mimi, hukumu ilikuwa sahihi na madhara yake ni makubwa. Viti 80 vya bunge vilikuwa vimegawanywa kwa kuihesabu Sulu, iliyokuwa na viti 7. Uchaguzi wa kwanza wa Bangsamoro, uliokuwa ufanyike 2022 na ukasogezwa hadi Mei 2025, ukasogezwa tena hadi Oktoba. Tangu 2019 kanda iliongozwa na bunge la mpito ambalo wajumbe wake waliteuliwa na Rais, na Machi 2025 Rais Marcos Mdogo alimweka Abdulraof Macacua mahali pa Murad Ebrahim kama waziri mkuu wa mpito. Kufikia katikati ya 2025 wapiganaji wapatao 26,000 kati ya 40,000 walikuwa wamekwisha pitia zoezi la kuweka silaha chini, kila mmoja akipewa peso 100,000 taslimu. Julai 2025 MILF ilisimamisha zamu ya 14,000 waliosalia ikisema ahadi za ardhi, mafunzo na mitaji kwa waliotangulia hazijatimizwa.

Bunge la mpito likajaribu kuvigawa upya vile viti 7 kwa mikoa iliyobaki, likachora majimbo mapya. Majimbo hayo yakapingwa mahakamani, na mwishoni mwa Septemba 2025, wiki mbili tu kabla ya siku ya kura, Mahakama ya Juu ikayabatilisha. Oktoba ikapita bila uchaguzi.